Kanyaga, Shikilia, Achia

Picha yake ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa Kaloleni, na pembe moja ilikuwa imeanza kubanduka. Nilikuwa napita tu. Tabia ya kupita tu haijaniacha, hata sasa ambapo magoti yangu yanalalamika kila hatua. Nilisoma jina mara mbili, nikaingia. Ndani kulikuwa na watu thelathini hivi wakipanga safari ya kwenda kumzika mzee nyumbani kwao, upande wa ziwa. Nilikaa nyuma kabisa, kando ya meza, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi. Mwanamke wa makamo aliyekuwa akigawa chai alinifikia, akaniangalia kama mtu anayesoma kibao kilichofutika, akasema, "Wewe si ni yule fundi wa breki?" Nikamuuliza, "Akinyi?" Akaitikia kwa kichwa. Nilimwacha akiwa msichana wa miaka kumi na mmoja. "Baba alikuwa akikutaja," akasema. "Hata mwaka huu amekutaja." Nikauliza, "Kwa mema?" Alinimiminia chai mpaka ukingoni. "Kunywa kwanza. Tutaongea watu wakitoka." Nikakaa na kikombe changu, watu wakabishana kuhusu saa ya kuondoka, na mimi nikarudi mwaka ule.

Miaka ya themanini ilikuwa ikielekea mwisho. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na kazi niliyokuwa nimedumu nayo kuliko zote ilikuwa ya miezi minane. Nilikotoka hakuhusiki hapa. Yatosha kusema kwamba shule niliiacha mapema, si kwa kushindwa bali kwa kuchoka kukaa. Nilikuwa nimepita kwenye machimbo ya mawe, kinu cha unga na kiwanda cha ngozi, na kila mahali nilijifunza jinsi kitu kinavyofanya kazi, kisha nikaondoka. Breki ndizo zilizonishika. Mutiso, Mkamba mmoja mwenye gereji ya wazi kule mtaa wa Ziwani, alinifundisha kuzifungua, na niliona ajabu kwamba mguu wa binadamu ukisukuma mafuta kidogo ndani ya bomba jembamba unaweza kusimamisha chuma cha tani nzima. Nilikaa kwa sababu ya ajabu hiyo.

Nilipanga Kaloleni, katika nyumba ya Baba Akinyi, karani wa reli. Baraza la jiji lilimpa vyumba viwili. Kimoja akakikata katikati kwa ubao mwembamba, akanipangisha nusu. Upande wangu ulikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, redio yangu na msumari wa kutundikia koti. Upande wa pili ndiko walikolia chakula. Ubao ule haukuzuia kitu. Nilijua siku ya samaki na siku ya sukuma wiki, nikamjua mtoto anayelamba sahani, na Mama Akinyi anapokwaruza sufuria nilijua ugali umekwisha na kuna mtu hajashiba. Nilijifunza Kijaluo cha kutosha kwa kusikiliza tu. Wao hawakuwa watu wabaya. Tukikutana mlangoni walinisalimu vizuri, wakauliza kazi inaendaje, nikasema inaenda. Kisha mlango ukafungwa. Kwa miezi sita nilikula mkate na chai nikiwa nimeegemea ubao ambao mgongoni mwake watu saba walikuwa wakila na kucheka. Nimewahi kulala porini peke yangu, lakini upweke wa porini ni mwepesi. Hakuna anayecheka karibu.

Halafu Baba Akinyi akanunua gari. Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao ndiye aliyemwachia: gari la Kijerumani la rangi ya chai ya maziwa, lenye umri wa miaka kumi hivi, viti vyake vya ngozi vimepasuka kidogo upande wa dereva. Mtaa mzima ulikuja kuliona. Vijana walilizunguka wakisema, "Buda, hii dinga ni ya waziri!" Baba Akinyi alilifunika kwa turubai siku za kazi, akaenda reli kwa miguu kama kawaida, na Jumapili akalifunua kama mtu anayemwamsha mtoto. Lilikuwa na kifaa ambacho hatukuwa tumekiona Ziwani: kasha la chuma ukubwa wa tofali, limejaa valvu na nyaya, kazi yake kuzuia magurudumu yasikabwe breki inapokanyagwa ghafla, ili gari lisiteleze. Kifaa hicho kilikuwa na taa yake kwenye dashibodi, ya manjano, yenye herufi tatu. Jumapili ya pili taa hiyo ikawaka, ikakataa kuzima.

Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, aligonga mlango wangu. "Fundi," akasema, "omera, ndugu yangu, hebu niangalizie. Mke wangu amekataa kupanda. Anasema gari linamkodolea jicho." Kesho yake nikalipeleka kwa Mutiso. Mutiso aliliendesha mpaka kwenye kona, akakanyaga breki, likasimama. Akarudi, akakanyaga tena, likasimama. "Linasimama?" akaniuliza. Nikasema linasimama. "Basi toa balbu." Huo ndio ulikuwa mtindo wetu, na sidhani tulikuwa peke yetu. Mutiso alikuwa na kopo la kakao lililojaa balbu ndogo za dashibodi, za mafuta, za chaji, za joto la injini, na kila mteja wa balbu hizo alikuwa ameondoka akifurahi. "Mteja haleti ugonjwa," alipenda kusema, "analeta taa. Zima taa, amepona." Nilichomoa balbu. Sikuitia kwenye kopo. Sijui kwa nini. Niliitia kwenye kiberiti kitupu, nikakiweka mfukoni. Nilipolirudisha gari Kaloleni, Baba Akinyi aliwasha injini, akainama akatazama dashibodi. "Imezima!" Nikasema, "Imepona, mzee." Ni maneno mawili tu. Aligeuka akapaza sauti kuelekea jikoni, "Mama Akinyi! Weka sahani moja zaidi!"

Nilikula upande ule wa ubao kwa wiki tatu. Mpaka leo naweza kuichora meza ile: kitambaa cha nailoni chenye maua, bakuli la chumvi lisilo na kifuniko, taa inayoning'inia chini mno hivi kwamba Baba Akinyi alikuwa akiigonga kwa kichwa kila alipoinuka, na kila alipoigonga watoto wakacheka upya. Siku ya kwanza kulikuwa na samaki mzima, nami nikamchambua polepole nikitafuta miiba. "Huyu Mkikuyu anakula samaki kama mtu anayefungua bomu," Mama Akinyi akasema. "Mwache," mumewe akajibu, "fundi hafungui kitu bila kukichunguza." "Sasa samaki ana nati wapi?" Walicheka, nikacheka, na kwa kuwa nilikuwa nimezisikia sauti zile miezi sita bila nyuso, nilijikuta nikiwatazama midomo wanapozungumza, kama kiziwi aliyepona. Wiki ya pili nilikuwa na kikombe changu, chenye mpini uliovunjika. Wiki ya tatu Baba Akinyi alisema kwamba Krismasi wote wanakwenda nyumbani kwa gari, na kwamba kuna nafasi ya mtu mmoja nyuma, kama watoto watapakatana. "Ukaone mahali samaki wanatoka," akasema, "uache kuwaogopa." Usiku huo nikiwa kitandani nilimsikia Mama Akinyi akiuliza kama ni sawa kumbeba mpangaji mpaka kwao. Akajibu kwa Kijaluo neno moja ambalo nilikuwa nimekwisha kulijifunza. Nyathiwa. Mtoto wetu.

Udadisi wangu ndio uliobomoa yote. Kwenye kisanduku cha gari mlikuwa na kitabu cha maelezo kwa Kiingereza, nami siwezi kukiacha kitabu. Jumatatu ya wiki ya safari gereji ilikuwa na kazi chache, nikarudi mchana, nikaomba ruhusa ya kukaa ndani ya gari, nikakisoma kwa kamusi, neno kwa neno. Kilisema kwamba ile taa huwaka kila ufunguo unapozungushwa, kisha huzima yenyewe; ndivyo gari linavyokuonyesha kwamba limejikagua. Taa isiyowaka kabisa ni ugonjwa mbaya kuliko inayowaka. Kilisema pia kwamba kifaa kile kinapofanya kazi, kwenye barabara ya utelezi, pedali hutetemeka na kupiga mguu, na chini husikika mngurumo, na dereva asiogope wala asiondoe mguu, bali azidi kukanyaga. Hilo nililisoma mara nne kwa jinsi lilivyonifurahisha. Kisha nikawasha injini, nikakanyaga pedali na kuishikilia, kwa kujaribu tu. Ilikuwa ngumu, halafu ikaanza kushuka. Polepole, bila kelele, kama mguu unaozama kwenye tope, mpaka ikagusa sakafu.

Chini ya gari hapakuwa na tone. Kopo la mafuta ya breki lilikuwa limejaa. Niliziba mabomba yanayotoka kwenye pampu kuu kabla hayajafika kwenye kasha, nikakanyaga tena, pedali ikasimama imara kama jiwe. Basi pampu ilikuwa nzima. Mafuta yalikuwa yakipita ndani kwa ndani, kwenye valvu za lile kasha, na valvu ikivuja hivyo siku moja husalimu amri yote kwa mara moja. Ukisimamisha gari kwenye kona ya Ziwani hutalijua hilo. Utalijua kwenye mteremko wa Bonde la Ufa, umekanyaga dakika nzima, watoto watano nyuma. Nilikaa mle ndani huku Mama Akinyi akianika nguo mbele ya kioo, akanipungia mkono, nikampungia.

Ningeweza kumwambia mumewe jioni ile ile. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumwambia, na jibu ni kwamba jioni ile kulikuwa na kuku. Nilipanga kulirekebisha kimya kimya, uongo wangu ugeuke kuwa kweli kabla hajaujua. Nilizunguka Barabara ya Kirinyaga siku mbili, kwenye vibanda vya spea, mpaka nikaonyeshwa gari la aina ile ile lililogongwa nyuma, mbele yake nzima. Mwenye gari alilipenda kasha lake kidogo kuliko alivyoipenda redio yangu, tukabadilishana. Alhamisi nilirudi kwenye chumba kisicho na redio, nikasikiliza ubao. Ijumaa, Baba Akinyi akiwa kazini na Mama Akinyi sokoni, nikafungua kasha la zamani na kufunga lile jingine, mabomba yote, nati kwa nati. Saa tisa alasiri nilikuwa nimemaliza, ila hewa.

Bomba la breki likifunguliwa huingia hewa, na hewa husinyaa ikibanwa, na breki yenye hewa si breki. Lazima itolewe, gurudumu baada ya gurudumu, kuanzia lililo mbali, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja hukaa kwenye pedali, mwingine hulala chini na spana. Wa chini husema kanyaga. Wa juu hukanyaga. Husema shikilia, hufungua nati ndogo, mafuta hutoka na mapovu yake, huifunga. Husema achia. Mara ishirini, mara thelathini. Nilikimbia Ziwani: Mutiso alikuwa amefunga, amekwenda Ukambani kwa Krismasi. Mtaani wanaume wengi walikwisha kusafiri. Nilijaribu kuweka gongo kati ya kiti na pedali, nikaonekana mjinga hata machoni pangu. Nilikuwa na watu elfu moja wa kusalimiana nao Eastlands nzima, na hakuna hata mmoja ningeweza kumwambia njoo ukae hapa. Saa kumi na nusu Baba Akinyi akatokea kwenye kona, gazeti kwapani, akaliona gari lake limeinuliwa kwa jeki.

"Kwani vipi, fundi?" Nikamwambia nakagua breki kwa ajili ya safari, ila nahitaji mguu wake. Akafurahi. Akaweka gazeti kwenye paa, akakaa kwenye usukani na viatu vyake vya kazi, nikalala chini. Kanyaga. "Nimekanyaga." Shikilia. "Nimeshika." Achia. Gurudumu la kwanza likaisha tukiwa kama watu wanaoimba. Kwenye la pili, akiwa ameshikilia, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fundi, si ulisema imepona?"

"Nilisema, mzee."

"Sasa tunatibu nini?"

Kutoka chini nilikuwa naona ncha ya kiatu chake tu, kile kilichobaki nje ya mlango uliofunguliwa. Ni rahisi kukiambia kiatu ukweli. "Haikuwa imepona," nikasema. "Taa haikuzima. Niliing'oa balbu."

Mafuta yalikuwa yakitoka kwenye nati, nikaifunga, na kwa kuwa sikusema achia, hakuachia. Aliendelea kukanyaga kwa nguvu zake zote. "Umekula kwangu wiki tatu," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Watoto wangu wamekwenda kanisani na hili gari."

"Ndiyo, mzee. Sasa nimeweka kifaa kingine. Kizima."

Kiatu kilirudi nyuma kidogo, kikasimama. "Niambie nikanyage lini," akasema.

Tulimaliza magurudumu mawili yaliyobaki kwa maneno matatu tu. Nilipoinuka, alikuwa amenyoosha mkono wake nje ya dirisha, kiganja juu, bila kunitazama. "Iko wapi?" Nikatoa kiberiti mfukoni, nikampa balbu, akaigeuzageuza mbele ya jua, kitu kidogo kama punje ya mtama, akanirudishia niifunge. Akazungusha ufunguo. Taa ikawaka manjano, tukangoja, ikazima. Alisema, "Sawa." Alichukua gazeti lake, akaingia ndani. Kulikuwa na jambo moja zaidi la kumweleza, lile la mtetemo. Nilifika mpaka mlangoni. Ndani nikamsikia Mama Akinyi akiuliza aweke sahani ngapi, naye akamtajia idadi yao. Nikajiambia nitamwambia asubuhi.

Asubuhi, kabla ya kupambazuka, nilisikia kila kitu: masanduku, mtoto akilia kwamba kiatu hakionekani, milango minne ya gari. Ningeweza kuinuka na kutoka na shati mkononi, nikamwambia kwa sentensi moja dirishani. Nililala nikitazama msumari na koti. Nilidhani nikitoka wataona ninaomba kiti changu. Gari likaondoka. Krismasi ile niliila Kaloleni, mkate na chai, nyuma ya ubao usio na sauti, bila redio, na mvua ikanyesha siku mbili mfululizo.

Waliporudi Januari hawakunisalimu. Baba Akinyi aliliendesha gari mtaani kwa mwendo wa mtu anayesindikiza maiti, na kabla mwezi haujaisha akaliuza. Wakizungumza mezani walifungulia redio yao kwa sauti kubwa, na Kijaluo changu hakikutosha kuivuka. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa: nilidanganya, nikakiri, na haikutosha. Machi nikahama. Nimeishi Thika, Nakuru, Mombasa, Komarock, sehemu nyingine nimezisahau. Watu wakiniuliza kwa nini sikuoa wala kutulia, husema nina miguu mibaya. Breki nimetengeneza mamia, na sijachomoa balbu nyingine tena.

Watu walipotoka ukumbini, Akinyi alivuta kiti akakaa mbele yangu. "Nataka kukuuliza kitu," akasema, "maana Baba alikufa nacho. Kwa nini ulituachia breki mbovu?"

Nikamwambia hazikuwa mbovu.

"Nilikuwa ndani ya gari, mzee. Pale mteremkoni mvua ilikuwa kubwa. Lori la mbele likasimama ghafla. Baba akakanyaga, breki ikampiga mguu, tatatata, na chini kukanguruma kama kuna kitu kinavunjika. Akatoa mguu."

"Akautoa?"

"Akautoa! Mama akapiga yowe, kanyaga, kanyaga! Akakanyaga tena, ikampiga tena, lakini gari likasimama. Tulikuwa karibu hivi." Akaonyesha kati ya kikombe changu na ukingo wa meza. "Baba akashuka akatapika kwenye majani. Akatuambia, yule kijana alikiri uongo mmoja akaficha wa pili. Alisema hivyo mpaka mwaka huu. Ule wa kwanza aliusamehe njiani kabla ya kufika Limuru, unajua? Mama alikuwa amemwambia angekuamsha twende nawe. Baba akasema, tukirudi nitamwita aje ale."

Nilikuwa nimeweka kikombe chini bila kujua. Nikamweleza, polepole, kama kilivyosema kitabu: kwamba mtetemo ule ndio kazi yenyewe, kwamba mguu ukipigwa ndipo gari linakataa kuteleza, kwamba siku ile kifaa kilifanya kila kilichotengenezwa kufanya. Alisikiliza mpaka mwisho. Mtu mmoja alikuwa akipanga viti nyuma yetu, kimoja juu ya kingine.

"Kwa hivyo ilikuwa inafanya kazi," akasema.

"Ilikuwa inafanya kazi."

"Na hukumwambia."

"Sikumwambia."

Akafuta meza kwa kiganja ingawa ilikuwa safi. Kisha akasimama, akachukua kikombe changu. "Tunaondoka kesho saa kumi na moja alfajiri," akasema. "Kuna nafasi nyuma." Sikujua kama amenisamehe, na sikumuuliza.

Nilifika saa kumi. Dereva wa basi alikuwa akifuta kioo, jeneza likiwa limekwisha kupakiwa. Nikamwomba azungushe ufunguo bila kuwasha injini. "Unatafuta nini, mzee?" akauliza. Nikamwambia aangalie dashibodi tu. Taa zote zikawaka pamoja, nyekundu na manjano, zikakaa kidogo, kisha zikazima. Nikapanda, nikapita viti vyote, nikakaa nyuma.